Majibu kwa Wasomaji: Farasi Anapovuliwa Kamba

Tangu tuandike kuhusu kumfunza farasi bila kamba, yaani kufanya naye kazi akiwa hana hatamu, lijamu wala tandiko na akiwa na uhuru wa kuondoka wakati wowote, barua zimekuwa nyingi kuliko nafasi ya safu hii. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu tatizo lake ndilo linalorudi, kwa sura tofauti, katika barua nyingine karibu zote.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni saisi katika banda moja la Karen, Nairobi, na huu ni mwaka wangu wa sita katika kazi hii. Kuna farasi wa kahawia aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka 9, ambaye ndani ya uwanja mdogo wa duara hunifuata bila kamba kama kivuli: nikisimama anasimama, nikigeuka anageuka. Lakini nikimvua hatamu kwenye padoki kubwa, yaani uwanja wa malisho wenye uzio, hutembea nami hatua tatu tu, kisha hupiga shoti hadi kwa wenzake. Mwenye farasi anasema nimemdekeza. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Hukumdekeza farasi huyo, wala yeye hakukudharau. Ndani ya uwanja wa duara hana pa kwenda. Kila anapoondoka, ua humzungusha na kumrudisha kwako, kwa hiyo ua ule umekuwa ukifanya kazi ya kamba bila wewe kujua. Padoki haina ua wa karibu, na ndiyo maana huko unaona wazi mambo ambayo bado hujamfunza. Ni habari nzuri kuipata, hata kama inauma kuipata mbele ya tajiri.

Jambo hilo lilinipata mimi pia. Nilikuwa na farasi jike wa kijivu niliyemwamini mno, nikamvua hatamu katika uwanja mpana, naye akapita kando yangu kana kwamba mimi ni nguzo ya ua. Nilianza kumkamata saa nne asubuhi, nikamkamata alasiri. Kesho yake nilimvisha hatamu tena na kumwomba mwenzangu aitazame kamba badala ya kumtazama farasi. Akaniambia kwamba tangu tulipotoka bandani kamba ile haikulegea hata mara moja. Kwa miezi yote nilikuwa nikimvuta kidogo kidogo, na mkono wangu ulikuwa umeuzoea uzito ule hata hauusikii tena. Niliona haya sana, kwa sababu nilikuwa nikiwaeleza watu kwamba farasi yule hunifuata kwa mapenzi.

Kwa hiyo kabla hujarudi padokini, nakuomba ufanye zoezi hili. Chukua uzi wa cherehani, uzungushe shingoni mwa farasi kwa ulegevu, ushike ncha zake kwa vidole viwili, kisha mtembee pamoja katika uwanja ule mdogo: mwende mbele, msimame, mgeuke kulia na kushoto, mrudi nyuma hatua mbili. Uzi ukikatika, simama pale pale na ukumbuke ulikuwa ukitaka nini wakati huo, maana hapo ndipo ulipomvuta badala ya kumwomba. Siku ya kwanza utakatika mara nyingi. Siku utakapomaliza dakika 10 na uzi ule ule, utakuwa umeshajifunza kuongea kwa mwili wako, na farasi atakuwa ameshajifunza kukusikiliza bila kushikwa.

Kuongea kwa mwili kuna utaratibu wake. Macho ya farasi yako kando ya kichwa, na kwa hiyo huona karibu duara zima, takriban nyuzi 350; asipopaona ni mbele kabisa ya paji la uso wake na nyuma ya mkia. Ukitembea usawa wa bega lake mnakwenda pamoja. Ukibaki nyuma kuelekea kiunoni mwake unamsukuma aende mbele. Ukitangulia bega unampunguza mwendo. Na kila unapomwomba jambo akalifanya, ombi likome papo hapo. Umenyoosha mkono kuelekea bega ili asogee, amesogea, mkono ushuke ndani ya sekunde moja. Kule kushuka kwa mkono ndiko kunakomfunza. Ukichelewa, atakuwa ameshafanya jambo jingine, pengine ameinua kichwa au ametikisa mkia, na atashika kwamba hilo la mwisho ndilo lililomletea raha.

Sasa nije kwenye zile hatua zako tatu. Farasi hutoa taarifa kabla ya kuondoka. Kwanza sikio la upande wako, lililokuwa limekuelekea, hugeuka kwenda waliko wenzake. Jicho hulifuata sikio. Kichwa huinuka kiasi cha upana wa kiganja, shingo hukaza, na uzito wa mwili huhamia mguu wa mbele ulio mbali nawe. Shoti huja baada ya hayo yote. Wengi wetu husubiri mpaka mguu uondoke ndipo tushtuke, na wakati huo hakuna la kufanya. Wewe litazame sikio. Likigeuka tu, fanya jambo dogo: simama, toa pumzi kwa sauti, rudi nyuma hatua mbili, au pita uende upande wake wa pili. Sikio likirudi kwako, acheni kila kitu na mpumzike, na mkune pale juu ya mabega ambapo shingo inakutana na mgongo. Farasi wenyewe hukunana mahali hapo, na watafiti waliofanya kazi na farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa, walionyesha mwaka 1993 kwamba kumkuna farasi hapo hupunguza mapigo ya moyo wake.

Usidhani kwamba mambo hayo ni madogo mno kwa farasi kuyatambua. Mwanzoni mwa karne iliyopita mjini Berlin palikuwa na farasi aliyeitwa Hans, ambaye watu waliamini kwamba anajua hesabu, kwa sababu akiulizwa jumla ya namba alipiga kwato chini mara zinazotakiwa kisha akaacha. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst aligundua kwamba Hans hakujua hesabu hata kidogo. Alikuwa akimwangalia muulizaji, ambaye idadi ikitimia alilegeza mwili na kuinua kichwa kidogo sana bila yeye mwenyewe kujua. Ilipokuwa muulizaji hajui jibu, Hans naye hakulijua. Mimi humtaja farasi huyo kwa kila saisi mpya, kwa sababu kama mnyama aliweza kusoma mwendo wa kichwa ambao watu wazima waliosimama kando hawakuuona, basi huyo wa kwako ameshayasoma mabega yako yanapokaza kila unapoikaribia padoki ukiogopa kwamba atakimbia.

Kuhusu padoki yenyewe, usiruke kutoka uwanja mdogo hadi uwanja mzima kwa siku moja. Kata pembe yake kwa uzio wa muda, na kila wiki upanue kidogo ikiwa mambo yanakwenda vizuri. Nenda naye akiwa ameshakula, kwa maana farasi ni mnyama wa kula muda mwingi wa mchana na usiku, na kumtaka aache majani mabichi kwa ajili yako akiwa na njaa ni kumwonea. Mwache mwenzake mmoja mtulivu upande wa pili wa uzio ili asiwe na hofu ya kuachwa peke yake. Akiondoka licha ya yote hayo, usimkimbize. Kila unapomkimbiza unamfunza kwamba kukukimbia ni mchezo wenye mshindi, na miguu minne ndiyo itakayoshinda. Mfuate kwa kutembea, bila hasira, ukisimama na kugeuka pembeni kila anapokutazama, hadi akuruhusu umguse. Ukishamgusa, mkune kisha ondoka wewe.

Hilo la kuondoka wewe naomba ulitilie maanani. Hesabu kwa wiki moja ni mara ngapi farasi huyo amekujia, na katika hizo ni mara ngapi kilichofuata hakikuwa tandiko, lijamu au sindano. Kama ni sifuri, basi kukukimbia ni uamuzi wa busara kwake. Ingia padokini mikono mitupu, kaa naye dakika tano, toka kabla hajachoka nawe. Na ukiona anakwepa hasa wakati wa tandiko, mwombe tajiri amwite daktari wa mifugo aangalie mgongo na meno kabla ya kumlaumu farasi au kukulaumu wewe.

Jambo la mwisho kwako: wewe ndiye unayemwona farasi huyo alfajiri anapoamka na jioni anapofungiwa. Hakuna mkufunzi wa kuja mara mbili kwa wiki atakayemfahamu kuliko hivyo, na tajiri wako angefanya vyema kukuuliza kabla ya kuamua.

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule, Arusha, na nimeanza kujifunza mambo ya farasi ukubwani. Nilimtazama mkufunzi mmoja akimfukuza farasi mchanga ndani ya uwanja wa duara kwa takriban nusu saa, mbio za polepole na shoti, hadi farasi akaanza kuramba midomo na kutafuna bila kitu kinywani, akainamisha kichwa, kisha akamfuata yule bwana. Tuliambiwa kwamba farasi amekubali uongozi. Moyo wangu haukutulia. Je, ni kweli?

Jibu: Moyo wako umekuongoza vizuri, mwalimu. Njia ya kumpeleka farasi mbio kisha kumwalika aje imejulikana sana duniani kupitia Monty Roberts wa California, ambaye mwaka 1989 aliionyesha mbele ya Malkia Elizabeth II kule Windsor, Uingereza. Ilikuwa hatua njema ikilinganishwa na desturi ya kumvunja farasi kwa kamba na kipigo, na si haki kumbebesha yeye makosa ya kila anayemuiga. Lakini maelezo yanayotolewa kuhusu kwa nini farasi hufuata, na hasa hilo la kukubali uongozi, hayasimami.

Kuramba na kutafuna hutokea farasi anapotoka katika hofu kuelekea utulivu. Kinywa hukauka kwa hofu, na hofu ikipungua mate hurudi, naye huramba. Kwa hiyo ulichokiona ni kwamba farasi yule alikuwa ameogopa, na kwamba woga ule ulikuwa umeanza kupungua. Si kiapo cha utii. Na kichwa kilichoinama baada ya nusu saa ya mbio chaweza kuwa uchovu tu. Ungetazama pua zinavyopanuka, jasho la shingoni, na kama mkia ulikuwa umebana.

Kuna jaribio ambalo hunisaidia kulieleza jambo hili. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walitumia kigari cha kuchezea kinachoongozwa kwa rimoti badala ya mtu. Kigari kilimfukuza farasi ndani ya uwanja wa duara, na kila farasi alipopunguza mwendo na kukigeukia, kilisimama. Farasi walijifunza kukigeukia kigari. Hakuna atakayesema kwamba walikiona kigari kuwa kiongozi wa kundi. Walijifunza kwamba kugeuka huleta amani, na hicho ndicho alichojifunza pia farasi wa Arusha: kukaa karibu na yule bwana ndiko mahali pekee ambapo hafukuzwi.

Kwangu mimi, anayekuja kwa sababu pengine pote pamekuwa pabaya si sawa na anayekuja kwa sababu kwako ni pazuri, hata kama kwa macho ya watazamaji wote wawili wanafuata. Ukitaka kuwatofautisha, omba mlango wa uwanja ufunguliwe. Simaanishi kwamba uwanja wa duara utupwe. Nautumia kila wiki, kwa matembezi, kwa dakika chache, na farasi akiniomba kusimama namruhusu.

Swali: Assalaam alaykum. Naandika kutoka Muscat, Oman. Binti yangu ana umri wa miaka 14 na tunaye farasi jike wa Kiarabu, mpole. Binti ameona video za wakufunzi wa Ulaya ambao farasi wao hulala chini na kucheza nao bila kamba, akaanza kumfunza kwa vipande vya karoti. Sasa farasi ameanza kutafuta mifuko yake na juzi alimng'ata mkono. Pia anataka kumfunza kulala chini. Tumzuie?

Jibu: Wa alaykumu s-salaam. Msimzuie; ila mbadilishe mpangilio, na hilo la kulala mliweke kando kwa sasa.

Karoti haina kosa. Kosa ni kwamba farasi amepewa karoti wakati kichwa chake kilipokuwa kinaelekea mfukoni, na amejifunza vizuri sana kile alicholipwa. Binti asimame nje ya uzio, karoti ziwe ndani ya kifuko kilichofungwa kiunoni, asubiri. Farasi atanusa, atasukuma, pengine atakwaruza ardhi kwa kwato. Asimkemee wala asimguse. Mara farasi atakapogeuza kichwa kutazama mbele, hata kwa kitambo kidogo, binti atamke neno moja fupi ambalo hulitumia kwa ajili hiyo tu, kisha ndipo atoe karoti, na aitoe kwa kunyoosha mkono kuelekea kifua cha farasi ili alazimike kurudisha kichwa mahali pake. Baada ya siku chache farasi atakuwa akigeuza kichwa pembeni kwa makusudi ili alipwe. Hapo ndipo mafunzo mengine yaanze, kwa mfano kugusa kwa pua kifaa kilichofungwa kwenye fimbo. Kiwe cha buluu au cha njano, kwa sababu farasi hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Na kwa joto la kwenu, kazi yote iwe alfajiri au baada ya magharibi.

Kuhusu kulala chini, farasi ni mnyama anayewindwa, na akilala amejitoa mikononi mwa kila aliye karibu. Akilala kwa hiari mbele ya mtu anayemwamini, ni jambo la kugusa moyo. Lakini wapo wanaompata farasi alale kwa kumfunga mguu mmoja wa mbele na kumchosha hadi aanguke, na kwenye video ya dakika moja hutaona tofauti. Nimemwona farasi aliyelazwa namna hiyo: jicho lake lilikuwa wazi lakini halikufuata kitu chochote, hata nzi aliyetua kwenye kope. Sipendi kuliona tena. Mfaransa Frédéric Pignon, ambaye pamoja na mkewe Magali Delgado walijulikana duniani kupitia maonyesho ya Cavalia yaliyoanza mwaka 2003, alifika alipofika baada ya miaka mingi ya kuishi na farasi wale wale kila siku. Video humwonyesha binti mavuno peke yake.

Tena mko mahali pazuri. Ardhah ya farasi na ngamia ya Oman, yaani maonyesho ya jadi ya wapanda farasi na ngamia, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi zisizoshikika mwaka 2018, na wazee wanaoiendeleza bado wapo. Mpelekeni binti akae nao asubuhi moja, atazame wanavyomkaribia farasi kabla hawajampanda.

Swali: Mimi ni mama wa Lamu. Tuna punda wawili wa kubebea mchanga na maji. Mume wangu anacheka nikisoma safu yako, anasema farasi ni farasi na punda ni punda. Je, hayo ya bila kamba yanawafaa punda?

Jibu: Bi mkubwa, mwambie mzee kwamba ana haki kwa nusu. Farasi akishtuka hukimbia kwanza. Punda husimama akafikiri. Watu huuita ukaidi, wakamchapa, naye huzidi kusimama kwa sababu sasa ana mambo mawili ya kufikiria. Kwa hiyo kumsukuma punda hadi asogee huzaa matunda machache, ilhali kumpa muda na kumlipa kwa kitu anachokipenda huzaa mengi. Punda wa Lamu wanatembea wenyewe vichochoroni bila kamba tangu zamani na hurudi nyumbani jioni, jambo ambalo mwenye farasi wa Karen angelitamani sana.

Kitu kimoja uzingatie: hao wawili kama wamezoeana, usimfunze mmoja huku mwenzake amepelekwa mbali. Punda aliyetenganishwa na mwenziwe anaweza kuacha kula, na punda asiyekula kwa siku chache mafuta humjaa damuni akaugua vibaya. Ukiona hali hiyo, usingoje. Kliniki ya punda ipo hapo Lamu tangu mwaka 1987.

Anza kwenye ua wako jioni, mzigo ukiwa umeshashushwa na mgongo umeshasuguliwa. Mwite mmoja kwa jina lake, umpe ganda la tikiti maji akifika, kisha umwite wa pili. Yule wa kwanza atakuja tena bila kuitwa. Naye mpe, kipande kidogo.